Swali Lililotoka Jikoni

Dada yangu, mtu wa Kibokoni, Mombasa, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini amepika maharagwe ya nazi bila ya haja ya kutazama saa, alikuja kunizuru hapa Eldoret, na siku ya pili ya ujio wake akaingia jikoni kwa nia ya kutupikia chakula cha mchana kama ilivyo ada yake. Lakini adhuhuri ikapita, tukaswali, alasiri ikakaribia, na maharagwe yale, ijapokuwa yalikuwa yakitokota kwa ghadhabu sufuriani, yalikuwa bado magumu kidoleni kama changarawe. Alimlaumu muuzaji wa sokoni kwamba amempa maharagwe ya zamani, akalaumu jiko, akalaumu na makaa. Mjukuu wangu, msichana wa Gredi ya Sita, aliyekuwa amesimama kando akimtazama, ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wazee wawili hatukuwa tumejiuliza: "Bibi, kama maji yanachemka huku na yanachemka kwenu, mbona hayaivishi sawasawa?"

Jumatatu alilichukua swali lake akaenda nalo shuleni. Shule yenyewe sitaitaja, maana jambo hili lingeweza kutokea katika shule yoyote ya mji huu, na walimu wake ni watu wema wenye madarasa yaliyojaa hadi mlangoni. Mwalimu wa Sayansi alimwambia kwamba hayo ni mambo ya mwinuko wa ardhi, basi akamwulize mwalimu wa Masomo ya Jamii. Wa Masomo ya Jamii akamwambia kwamba mambo ya kuchemka ni ya Sayansi. Na wa tatu, aliyekuwa akipita tu, akamwambia kwamba hilo halitatoka katika mtihani. Jioni akarudi nyumbani na swali lake zima, kama mtu aliyetumwa ofisi hadi ofisi akitafuta muhuri asiupate, na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba hakurudi na hasira, bali alirudi na haya, kana kwamba kuuliza kulikuwa ni utovu wa adabu.

Nimeliwaza jambo hili siku nyingi, na fikra niliyoifikia ni hii: udadisi wa watoto wetu haufi kwa kukosa maabara, wala haufi kwa uhaba wa vitabu, ijapokuwa yote mawili ni mapungufu ya kweli; hufa mipakani, pale swali linapotaka kuvuka kutoka jikoni hadi darasani, na kutoka somo hili hadi somo lile, likakuta kila mlango una bawabu anayesema kwamba mgeni huyu si wake. Ulimwengu haukuumbwa kwa vipindi vya dakika 35. Ni sisi tulioukata vipande ili tupate kuufundisha kwa wepesi, na kukata huko kuna manufaa yake, maadamu hatusahau kwamba kitu chenyewe ni kimoja, na kwamba mtoto, kabla hatujamfundisha kukata, hukiona kizima.

Na tuyafuate basi maharagwe yenyewe, tuone yanatupeleka wapi. Mji wa Eldoret umekaa juu ya uwanda ulioinuka takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na Kibokoni ni hatua chache tu kutoka majini. Hewa nayo ina uzito wake, na aliyeko Mombasa amebebeshwa hewa yote kutoka chini hadi juu, ilhali sisi wa huku tumekwisha kuiacha sehemu yake miguuni petu, hata uzito wa hewa unaotukalia ni karibu sehemu nne tu katika tano za ule unaowakalia watu wa pwani. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuusukuma uzito huo. Uzito ukipungua, kazi huwa nyepesi, na maji ambayo Mombasa huchemka kwenye digrii 100, huku huchemka kwenye digrii 93 hivi, na yakishachemka hayapandi tena joto hata ukiyachochea kwa kuni za msitu mzima, bali huondoka kwa mvuke tu. Dada yangu alikuwa akiongeza makaa, na makaa yake yalikuwa yakipaa hewani. Dawa yake ni sufuria ya presha, ambayo kifuniko chake hukaza na kuufungia mvuke ndani hata ukajifanyia uzito ulioukosa, na maji yakapanda mpaka karibu digrii 120. Na asiyekuwa nayo huyaloweka maharagwe usiku kucha, kisha akafunika sufuria vizuri na kuvuta subira.

Au hutia magadi. Mama wengi wa mji huu hudondosha chembe ya magadi katika sufuria bila ya kufikiri, na chembe hiyo imetoka mbali, katika Ziwa Magadi la Kajiado, ambako maji ya chemchemi za moto hukauka juani na kuacha magadi meupe ambayo yamekuwa yakichimbwa kwa biashara tangu zama za mwanzo za ukoloni. Majirani zetu Waluhya hawakuhitaji kungoja mfuko wa dukani, kwa sababu walikwisha kujua zamani kuchoma maganda ya maharagwe, kuyachuja majivu kwa maji, na kuyatumia maji hayo yaliyochujwa katika mboga na kunde. Vitu viwili hivi, kimoja cha ziwani na kimoja cha jikoni, ni jamaa mmoja katika ilimu ya kemia: vyote viwili ni kinyume cha asidi, na vyote hulainisha ile gundi inayoshikamanisha ganda la haragwe. Lakini huharibu pia sehemu ya vitamini ya B1, na mpishi anapoupima wakati alioupata dhidi ya siha aliyoipoteza, na bei ya makaa dhidi ya vyote viwili, basi ameingia katika ilimu ya lishe na ya uchumi kwa mpigo mmoja. Tumetembea mbali, wala hatujatoka jikoni.

Hewa hiyohiyo inayomchelewesha dada yangu ndiyo wanayoivuta vijana wanaotupita barabarani alfajiri wakikimbia, nasi tumewazoea hata hatugeuzi shingo. Mwili unapopata oksijeni kidogo kuliko unavyohitaji, figo huupelekea uboho wa mifupa habari, na uboho ukaongeza chembe nyekundu za damu. Mkimbiaji aliyezoezwa katika kambi ya Kaptagat, katika mwinuko wa kiasi cha mita 2,400, hushuka mabondeni na damu iliyokwisha kujifunza kubeba kingi kutoka katika kichache. Eliud Kipchoge, aliyeandaliwa katika kambi hiyo ya Kaptagat, alikimbia mbio za masafa ya marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Na Kipchoge Keino, ambaye watoto wa Eldoret humjua kwa jina la uwanja na la shule, alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 iliyofanyika mji wa Mexico, ambao umekaa juu kiasi cha mita 2,240, mahali ambapo wakimbiaji wa nchi za chini walikuwa wakihema, na ambapo, nathubutu kusema, maharagwe huiva kwa taabu ileile. Wala sisemi kwamba hewa peke yake ndiyo mzaa mabingwa, kwa kuwa iko milima mingine duniani yenye watu wengi na hewa nyembamba kuliko yetu, wala haikutoa Keino hata mmoja. Lakini hapo ndipo swali linapomtoa mtoto katika biolojia na kumtia katika tarikhi: nani alianza kukimbia, kwa nini, shule ilikuwa umbali gani, na nini kilipatikana kwa kukimbia ambacho hakikuweza kupatikana kwa njia nyingine.

Nimeanza na mfano wa nyumbani kwangu, lakini Afrika Mashariki ina mfano mkubwa zaidi ambao ningependa kila mwalimu aujue kwa ukamilifu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kule Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa ni kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika friji. Lakini siku ile nafasi ilikuwa haba, naye akihofia kuikosa akayaweka ya kwake yangali moto. Mwenzake mmoja aliweka yake bila ya kuyachemsha hata kidogo. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Walakini likizoni alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye rafiki huyo akamweleza kwamba wao huyaweka maziwa yangali moto makusudi ili yagande haraka; yaani lile ambalo darasani lilihesabiwa kuwa ni ndoto, mitaani lilikuwa ni kazi ya kila siku na riziki ya watu.

Alilihifadhi swali lake kwa miaka. Akaenda nalo Mkwawa, Iringa, na huko aliposomeshwa jinsi vitu vinavyopoa akaliuliza tena, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Na tangu siku hiyo kila alipokosea jambo darasani, wenzake walilitupa kosa lake katika kapu hilohilo. Kisha akaja Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, na kijana yule, katikati ya vicheko vya wenzake, akasimama akauliza kwa mara nyingine. Osborne hakumwamini, lakini alifanya lile ambalo wengine hawakulifanya: aliporudi Dar es Salaam alilijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na jina la mwana wa Tanganyika limo sasa katika vitabu vya fizikia vya ulimwengu wote ambao aliambiwa kwamba fizikia ya Mpemba si yake. Wataalamu wanabishana hadi leo, wengine wakisema kwamba jambo hilo hutokea kwa sababu kadha wa kadha, wengine wakisema kwamba ukipima kwa uangalifu kamili halionekani; na ubishi huo haumpunguzii Mpemba kitu, kwa sababu swali linaloweza kuwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne halikuwa swali la mtu aliyechanganyikiwa.

Kila nikikisoma kisa hicho namkumbuka kijana mmoja niliyemfundisha zamani, nilipokuwa bado nashika chaki. Aliniuliza, katikati ya somo la ushairi, kwa nini mashairi yana mizani, na kama mizani hiyo ni hesabu, nami nikamwambia kwamba tulikuwa nyuma ya silabasi. Ilikuwa kweli kwamba tulikuwa nyuma. Lakini leo najua kwamba mle ndani ya swali lake mlikuwa na hesabu, na muziki, na pumzi ya mwanadamu, na kazi za watu wa jahazi na wa mashambani, na kwamba dakika kumi zingetosha. Hakuniuliza tena swali lolote mpaka alipomaliza shule, na taksiri hiyo nimeibeba mimi, si yeye.

Nchi yetu haikukosa kuliona jambo hili la masomo kutengana na maisha ya mtoto. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay, kutoka Kanada, ilipendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili chenye kuelekea kwenye ufundi na maendeleo ya mashambani, na kwa pendekezo hilo tukapata Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, hapa hapa petu. Na kutokana na tume hiyohiyo ukaja mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4, ambao ulinuia kumrudisha mtoto kwenye mikono yake, kwenye kilimo, useremala, upishi na sanaa. Nini kilitokea wengi wetu tunakumbuka: upishi ukawa ni swali la kuchagua A, B, C au D, na mtoto akaweza kupata alama zote za sayansi-kimu bila ya kushika mwiko. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umekuja na nia ileile kwa lugha mpya, na nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Ila nachelea kwamba tunaweza kuiua kwa namna mpya, kwa kuwa mzazi wa mitaa yetu ya Langas au Huruma, akiambiwa leo anunue manila, kesho achapishe picha za rangi, na keshokutwa alete gundi na vifungo, hujifunza upesi kwamba elimu ya vitendo maana yake ni elimu ya manunuzi, naye akaichukia, wala sitamlaumu.

Aliye na shaka kwamba kufunza kwa kuanzia kwenye jambo lenyewe kunawezekana asiende mbali. Na atazame skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi, ambayo ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990 iliamua kutowafungia katika kumbi za mihadhara. Wanafunzi wachache huketi pamoja mbele ya kisa kimoja cha mgonjwa, tuseme mtoto aliyevimba miguu na nywele zake zikabadilika rangi, na kutoka hapo huitafuta anatomia, na kemia ya mwili, na dawa, kila moja kwa kuwa kisa chenyewe kimeitaka. Kisha hupelekwa katika vituo vya afya vya mashambani kukaa na watu, kutazama visima vyao na maghala yao, kwa sababu ugonjwa wa mtoto yule aghalabu haukuanzia mwilini mwake. Kama njia hii inafaa kumtengeneza daktari, ambaye kosa lake huzikwa, sioni kwa nini isimfae mtoto wa Gredi ya Sita.

Na vifaa tunavyo. Msimu wa mavuno uliopita nilikuwa kwa rafiki yangu mmoja upande wa Moiben, mama mkulima, ambaye mahindi yake yalikuwa yametandazwa juu ya turubai mbele ya nyumba, na mnunuzi alikuwa akingojewa. Alichukua chupa ya soda ya kioo, kavu kabisa, akatia punje za mahindi kiasi cha theluthi, akaongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, akaziba na kuitikisa dakika kadhaa, kisha akaiweka chini, nasi tukakaa tukiitazama. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo, ukungu mweupe pande zote. "Bado," alisema, akaamuru turubai igeuzwe. Kama chumvi ingeteleza yote ikarudi chini na kioo kikabaki safi, hapo angejua kwamba unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 hivi katika mia, na kwamba amebakiwa na siku chache za jua kuifikia ile 13.5 inayotakiwa na Halmashauri ya Nafaka. Chupa, chumvi na subira: hiyo ndiyo maabara yake.

Ndani ya chupa ile mna kemia, kwa kuwa chumvi huvuta maji. Mna na biolojia, kwa kuwa punje yenye maji huota kuvu, na kuvu ile huacha sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya nchi yetu, hasa Makueni na Kitui. Mna na hesabu ambayo ningependa kila mtoto wa Uasin Gishu aifanye kabla hajamaliza shule ya msingi: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 18 katika mia, likikaushwa mpaka 13.5, litabaki na kilo 85 na ushei, na zile karibu kilo tano zilizopotea zilikuwa maji matupu. Basi mnunuzi anayepima mahindi mabichi kwa mizani ananunua nini, na mkulima aliyekwisha kuyakausha adai bei gani ili asidhulumike? Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye insha ya Kiswahili, ambamo mtoto atamwandikia mnunuzi barua ya heshima na yenye hoja, na hatua nyingine kufika kwenye somo la dini, ambamo vipimo vya haki vimesisitizwa katika vitabu vyote tunavyovitukuza. Walimu sita wangeweza kushughulishwa wiki nzima na chupa moja ya soda, na mzazi asitoe hata ndururu.

Ninachokitaka, kwa hivyo, si kikubwa. Kila shule na iwe na ubao mmoja karibu na mlango wa chumba cha walimu, na kila Ijumaa swali moja lililoletwa na mtoto kutoka nyumbani liandikwe pale kwa chaki, na wiki inayofuata kila mwalimu wa darasa hilo, kwa dakika kumi tu za kipindi chake, alishike kwa upande wa somo lake; na ikiwa hana la kusema, basi na aseme mbele ya watoto kwamba hajui na kwamba atatafuta, kwa maana mtoto aliyewahi kumwona mtu mzima akitafuta amefunzwa jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumpa. Natambua kwamba mwalimu wa darasa lililofurika hawezi kumfuata kila mtoto na swali lake, ndiyo sababu nasema swali moja. Na sisi wazazi na mababu tuache kuwauliza watoto jioni wamepata ngapi, angalau siku moja katika wiki, tuwaulize wameuliza nini.

Swali la pili la mjukuu wangu lilikuja katika Ramadhani. Redio ilikuwa imefunguliwa kwenye stesheni ya Mombasa, adhana ya magharibi ikasomwa, naye akanyoosha mkono kwenye tende. Nikamzuia, nikamwambia kwamba jua la Mombasa limekwisha kuzama lakini letu bado, na akitoka nje ataliona. Akatoka, akaliona likiwa juu ya paa la jirani, akarudi na tende yake mkononi akihesabu dakika, na ilipofika robo saa na ushei adhana ya msikiti wetu ikalia. Hapo tulikuwa tumekwisha kuingia katika ilimu ya falaki. Dunia hugeuka digrii moja kwa kila dakika nne, na Eldoret iko nyuma ya Mombasa kwa digrii nne na zaidi kidogo upande wa magharibi. Na saa zetu sote, wa bara na wa pwani, zimefungwa kwa mstari unaopita karibu na Mogadishu, ndiyo maana jua la Eldoret halitufikii utosini saa sita kamili, bali baada yake.

Kwa hiyo tumeagana na dada yangu jambo moja. Tarehe 23 Septemba, siku ambayo jua hupita juu ya mstari wa ikweta, msichana atasimamisha ufito wa mita moja uani kwetu, wima kwa timazi, na dada yangu atasimamisha wa kimo hichohicho juu ya dari ya nyumba yake Kibokoni. Sisi tutapima kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, karibu saa sita na nusu, na yeye atapima chake karibu saa sita na robo. Chetu, kwa hesabu yangu, hakitafika upana wa kidole, nacho kitaelekea kaskazini; chake kitakuwa sentimita saba hivi, kikielekea kusini. Jumla yake ni sentimita nane kwa ufito wa mia moja. Na ramani inasema kwamba kutoka usawa wa Eldoret hadi usawa wa Mombasa, ukienda kusini moja kwa moja, ni kilomita 505 hivi. Basi kama nane ni kwa mia moja, kilomita 505 ni kwa ngapi? Jibu ni zaidi kidogo ya kilomita 6,300, nao ndio umbali wa kutoka miguuni petu hadi kitovu cha dunia, ambao wataalamu kwa vyombo vyao wanauhesabu kuwa 6,371. Eratosthenes alipima dunia kwa njia ya kivuli huko Iskandaria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na al-Biruni akaipima kwa kimo cha mlima karibu miaka 1,000 iliyopita, na sasa itapimwa na mtoto wa Gredi ya Sita na bibi yake, kwa fito mbili na simu.

Ufito amekwisha kuukata. Ameukwaruza ganda, akautia alama za sentimita kwa kalamu nyekundu, na ameulaza chini ya kitanda chake usije ukapinda. Jana usiku alimpigia simu bibi yake kuhakikisha kwamba wa kwake nao umenyooka, na nilimsikia akiuliza, baada ya shikamoo, kama ile siku ya tarehe 23 huko Mombasa huwa na mawingu.